Saa Mia Tatu Bila Umeme

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika chumba cha upelelezi, tarehe 21 mwezi wa nane, kuanzia saa nne na dakika tano asubuhi.

Shahidi: mwanamume, miaka 54, mkufunzi wa uchomeleaji katika chuo cha ufundi stadi. Anaishi nyumba za walimu, nyuma ya karakana ya chuo. Anajua kusoma na kuandika.

Jina langu afisa amelinakili kutoka kwenye kitambulisho, ila kazini hakuna anayelitumia. Naitwa Mwalimu Cheche. Kabla ya kufundisha nilichomelea mageti na matangi ya maji kwa miaka ishirini na mitatu, na macho yangu bado ni mazima. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Miaka miwili iliyopita chuo chetu kiliingizwa kwenye mpango wa taifa wa ajira kwa vijana. Sera inataka kila mhitimu wa uchomeleaji awe amefanya saa mia tatu za vitendo. Tuliletewa mashine nane mpya. Umeme wa karakana haukuzitosha, tukaambiwa tusubiri transfoma. Leo asubuhi nimepita pale nikija huku. Transfoma haijaja, na mashine bado ziko ndani ya nailoni zake. Hufunuliwa wageni wakija, wakiondoka mtunza stoo anazipangusa vumbi na kuzifunika tena.

Nilimwendea mkuu wa chuo, ambaye sisi walimu tunamwita Bwana Takwimu, nikamwambia siwezi kufundisha kuchomelea bila moto. Akacheka. Akasema, "Cheche, acha ushamba. Sera haiulizi umeme, inauliza idadi. Wewe wafundishe mkono, moto watakutana nao huko huko kazini." Badala ya kumpa kisogo, nikaenda kufundisha mkono.

Afisa ameniuliza mkono unafundishwaje. Mwanafunzi anashika kishikio chenye kijiti cha kuchomelea, hakuna umeme, anakipitisha juu ya chuma baridi kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Siku nzima. Ungechungulia dirishani ungedhani wanapiga pasi.

Tabu ilikuwa ngao ya uso. Kioo chake ni cheusi tii. Kama hakuna moto, ukiishusha huoni hata kidole chako, na vijana wakawa wanakwenda nje ya mstari. Basi nikawatungia hatua tano wakazikariri: safisha chuma, bana chuma, shika kishikio, inua ngao uone mstari, gusa. Hiyo hatua ya nne niliitunga mimi. Kwenye kazi ya kweli ni kinyume, unashusha ngao ndipo unagusa. Kundi la kwanza niliwaambia, "Umeme ukija, hatua ya nne mnaigeuza." Kundi la pili pia niliwaambia. Kundi la tatu, ambalo ndilo la huyu binti wa kesi hii, sikuwaambia. Nilisahau, au nilichoka kusema. Sijui lipi ni baya zaidi.

Binti huyo wenzake wanamwita Kapteni. Ana miaka ishirini. Alikuwa wa kwanza kufika karakana kila siku, na mwenzake akiruka hatua alimrudisha mwanzo bila aibu. Daftari lake la vitendo lina saa mia tatu, na sahihi yangu kila ukurasa. Siku ya kugawa vyeti mgeni rasmi alimshika mkono akawaambia watu, "Hii hapa ndiyo sera, inatembea kwa miguu yake." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nikiikumbuka siku ile najionea kinyaa.

Mnamo tarehe 12 mwezi huu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, nilifika kwenye ujenzi wa soko jipya nikiwa na mpiga picha. Bwana Takwimu alitutuma tukachukue picha za wahitimu wakiwa kazini, za kupamba ripoti. Kapteni alikuwa anaanza kazi siku hiyo hiyo. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, kama mita nne kutoka chini, anaunga kenchi ya paa. Mkanda wa usalama hakuwa nao. Hilo aulizwe mkandarasi. Aliponiona alinipungia mkono. Mpiga picha akamwita, "Dada, anza basi, tupate picha!"

Nilimwona akisafisha chuma. Akabana. Akashika kishikio. Halafu akainua ngao. Nilipiga kelele, lakini sauti ilitoka akiwa ameshagusa. Moto uliwaka mbele ya macho yake matupu. Aliachia kila kitu, akajiziba uso kwa viganja, akarudi nyuma. Nyuma hapakuwa na ubao.

Aliangukia mgongo juu ya matofali. Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Hakulia. Aliniuliza, "Mwalimu, nimeruka hatua gani?" Nilimwambia asiongee.

Tarehe 14, saa nane mchana, Bwana Takwimu aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Iliandikwa kwamba mhitimu alifundishwa kikamilifu, na kwamba aliinua ngao kwa ukaidi wake mwenyewe. Akanisogezea kalamu. "Mtoto wa watu keshaanguka," akasema, "tusianguke wote. Mwezi ujao wanakuja kuzindua awamu ya pili." Nikamuuliza kama amekwenda hospitali kumwona. Akasema ametuma kadi. Nilitoka nje, nikafika mpaka kwenye maua ya ofisi. Kisha nikarudi nikasaini. Afisa, andika hivyo hivyo: nikarudi nikasaini.

Jana, tarehe 20, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali. Daktari wa wodi aliniambia miguu ya Kapteni haisikii kitu, na haitasikia. Mama yake alinyanyuka akanipisha kiti. Akasema, "Mwalimu, utusamehe. Watu wa chuo walikuja na karatasi yako wakanisomea. Nimemgombeza sana huyu. Nimemwambia, mwalimu amejitahidi kukufundisha, wewe unakwenda kumwonyesha kiburi?" Kapteni alikuwa ameelekea ukutani. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani."

Afisa ameniuliza kama najua kwamba najifunga mwenyewe. Najua. Yule binti hakufanya ukaidi wowote. Alifanya nilivyomfundisha, na alifanya vizuri kuliko wote. Ile karatasi ya tarehe 14 ni ya uongo, na daftari la saa mia tatu ni la uongo, na vyote viwili nilivisaini mimi, bila kushikiwa kisu.

Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyafanya nimeyasema. Nimesomewa, nimeyaelewa, ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maandishi ya afisa: Shahidi amemaliza saa sita na robo mchana. Nimemjulisha kwamba kuanzia sasa ni mtuhumiwa, na haki zake nimemweleza. Mama wa majeruhi alikuwa kwenye benchi la nje tangu saa tatu. Aliitwa kuweka dole gumba kwenye fomu ya kufunga jalada, inayosema kwamba kosa ni la binti yake. Kabla hajaweka, nimemsomea maelezo haya yote. Aliomba nirudie pale penye kundi la tatu, nikarudia. Fomu hakuigusa. Ameuliza kama anaruhusiwa kwenda kwanza hospitali kumwomba mwanawe radhi, halafu arudi kufungua mashtaka. Nimemruhusu.