Taa ya Njano ya Breki

Jumamosi

Hiyo taa ya breki ya gari letu ilikuwa imenimaliza. Tangu Baba Mwende abadilishe beringi ya gurudumu la mbele hapa nyumbani, haijazimika, na Jumatatu tunateremka mlima wa Mbooni kumpeleka Mwende kwa daktari wa miguu. Tukikosa siku hiyo, ni kungoja tena miezi.

"Breki iko, Mama Mwende. Hiyo ni taa tu."

"Basi teremka na taa yako. Mtoto wangu haingii."

Alinuna, lakini akafungua gurudumu tena. Nilikaa kando nikimnyonyesha Mwende, mgongo ukiniuma. Akachomoa kile kidude cha waya kinachopima mwendo wa gurudumu. Ncha yake ilikuwa imeota ndevu nyeusi.

"Na hizo ndevu?"

Akagusa, nami nikamweleza. Ulikuwa unga wa chuma, wa siku ile ya beringi aliposugua kwa tupa. Ncha ni sumaku, iliuvuta wote, ndiyo maana taa haizimiki.

"Nani amekufundisha umakanika?"

"Wewe ulikuwa unapiga kelele, mimi naangalia."

Akacheka. Akapangusa na nepi safi ya Mwende, na leo nilimwachia tu.

Tulienda mpaka kanisani na kurudi, taa haikuwaka. Jumatatu nitapanda. Lakini nimemwambia ateremke polepole, na mimi nitaomba njia yote.