Mikayi, Rangi Imetoka Chemchemini

Mikayi, rangi imetoka! Imetoka pale pale kwenye chemchemi yetu jana asubuhi, kijani ya kung'aa kama mgongo wa nzi wa chooni, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiona kwanza. Okumbo wa mlimani amekwisha.

Sasa ndipo nakusalimu, mke mkubwa. Unisamehe, furaha imenitangulia mlangoni. Sisi tuko. Mzee wetu, mume wetu, analia magoti tu. Nyumba yako bado imesimama, ni mimi ninayeifagia. Na barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtoto. Darasa la nne la wakati wetu lilikuwa darasa, si mchezo.

Tangu tukuzike, msimu wa mvua umekuja mara mbili ukaenda, na hakuna mtu aliyekunywa chai kwangu. Hata mmoja. Unajua ulikula kwangu siku moja kabla tumbo halijakushika, yule samaki mbuta wa Karungu, ukanyonya hadi kichwa. Hiyo ikawatosha. Wifi yetu Nereah alisimama kando ya jeneza lako akasema watu wasikie: "Samaki wa mke mwenza ana miiba isiyoonekana." Mimi mke wa pili, nimeshika sufuria ya nyama ya wageni, watu wote wananitazama mikono.

Na nyama yenyewe, Mikayi! Fahali aliletwa na Okumbo, pole yake kwetu. Nikaipika. Nikamshukuru. Nikalamba hata kidole. Kila nikikiona kidole hiki natamani kukikata.

Ni Adhiambo aliyenifumbua macho. Adhiambo wetu, nasema wetu kwa sababu mgongo wako ulimbeba kuliko wangu, sasa yuko ofisi ya maji Migori. Anavaa gambuti, anatembea na sanduku la barafu, wanaume wenye ndevu wanamwita madam. Nani mwingine kijiji hiki amezaa hivyo? Alisema, "Mama, msitazame samaki, tazameni mlimani." Kule juu Okumbo anafuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na kinyesi chote na mkojo anavisukuma kwenye shimo kubwa lisilo na saruji. Mvua ikinyesha, uchafu wa shimo unashuka chini kwa chini mpaka kwenye chemchemi yetu. Lakini kila ofisi ikitaka kupima, Okumbo anapata habari mapema, shimo linazolewa, anawapokea na maziwa.

Basi Adhiambo akaniachia chupa yake safi na barafu. Nichote asubuhi baada ya mvua, nifunge, nimpelekee, yeye afikishe maabara Homa Bay siku hiyo hiyo.

Sikiza sasa ujinga wangu, na usicheke. Niliyatazama yale maji, yana uchafu unaoelea, nikaona aibu. Mama yake Adhiambo apeleke maji kama hayo mbele ya wakubwa? Watasema mtoto ametoka kwenye uchafu. Nikayachuja kwa leso yangu nyeupe ya kanisani. Nikayachemsha vizuri, kama mtoto alivyonifundisha kuchemsha ya kunywa. Nikajaza chupa, nikaenda nayo kifua mbele.

Karatasi ikarudi: maji safi kabisa.

Yaye, Mikayi. Okumbo aliisoma karatasi ile kwenye baraza ya chifu, polepole, kama anayesoma Injili. Nereah akapiga makofi. "Kama maji ni safi, basi tunajua kilichomuua." Nilikuzika mara ya pili kwa mikono yangu hii. Adhiambo aliponiuliza nikamwambia kila kitu, akakaa chini kwenye majani na gambuti zake. Afadhali angenitukana.

Baadaye akasema, "Mama, hiyo chemshachemsha yako ndiyo imekuacha hai. Mikayi alikataa." Kweli ulikataa. Ulisema maji yaliyochemshwa hayana ladha, na kwamba mdomo wangu ungekuwa jembe tungekwisha kulima mpaka kisiwa cha Rusinga. Ningekulazimisha! Ningekukalia kifuani nikunyweshe!

Tangu hapo sikuona aibu tena. Kila mvua nilichota, mara mbili: juu ya shamba la Okumbo na chini yake. Sikusuuza, sikuchuja, niliandika siku na saa. Ya juu yakarudi mazuri. Ya chini yakarudi yamejaa kinyesi. Okumbo akasema ni ng'ombe wetu wanaokunywa pale, wale wawili wa mzee wetu waliokonda kama kamba! Ndipo Adhiambo akaja na bwana afya na chifu bila kubisha hodi, wakamwaga unga wa rangi ya kijani shimoni mbele ya macho yake, tuone utatokea wapi. Akacheka. "Mwageni hata gunia."

Siku mbili nilishinda chemchemini nimekalia kibao changu. Jana, siku ya tatu, ikaja.

Nilichota glasi moja, Mikayi, nikapanda nayo mlima. Sikumwaga hata tone. Nikamkuta Okumbo na wafanyakazi wake, nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu kama mgeni. "Karibu maji, baba. Si ulisema ni safi? Kunywa." Aliitazama. Nikamwambia mke mwenzangu alikunywa bila kuulizwa. Mikono ikabaki mfukoni. Nilisimama pale mpaka mkono ukaniuma, nikaona raha ambayo hata harusini sikuiona.

Najua ungesema nimwachie Mungu. Ulikuwa mtu wa kusamehe, ndiyo maana umelala hapo. Mimi simsamehe. Chifu ameamuru shimo lifukiwe mbele ya watu wote, na Okumbo mwenyewe asome ile karatasi ya pili, ya maji ya chini, polepole vile vile. Halafu wote watashuka nyumbani kwangu. Nereah nitamkalisha mbele, nimmiminie chai mwenyewe, na hatainuka mpaka kikombe kikauke na jina langu alitaje sawasawa.

Lala sasa, dada yangu, mwenzangu wa wivu na wa chungu kimoja. Nakuahidi sitaacha kuchota, hata shimo likifunikwa, kwa sababu Okumbo ana mlima na mimi nina chupa.

Nimepeleka habari mpaka Karungu. Kusanyiko ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Wote wanakuja.