Pazia Litabaki, Kaka

Kaka yangu uliye ng'ambo,

Barua yako ilifika wiki jana. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta ya Busia, nikaisoma tena ndani ya basi mpaka Malaba. Jibu lake ninaliandika wazi. Kabla ya kulitia kwenye bahasha nitalisoma mbele ya kikundi, kwa sababu uliyoyasema yanawahusu wao kuliko yanavyonihusu mimi. Usikasirike. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuandika barua mbili, moja ya kukupendeza na nyingine ya kweli.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiokota vipande vya chaki kule stesheni? Makarani wa mizigo walivitumia kuandika alama kwenye mabehewa, wakivitupa vikiwa vidogo. Wewe ulichora kichwa na mgongo wa ng'ombe ubavuni mwa behewa. Mimi nilichora miguu, maana huko juu sikufika. Treni ilipoanza kwenda kuelekea Tororo ulinishika mkono ukasema, "Ng'ombe wetu anakwenda Kampala bila tikiti." Nilicheka mpaka Baba akatoka ofisini. Alituchapa wote wawili. Lakini jioni, ulipokuwa umekwenda kuteka maji, nilimsikia akimwambia Mama kwamba pembe za yule ng'ombe zilikuwa za ng'ombe hasa. Sikuwahi kukuambia. Labda niliona ulikuwa na sifa za kutosha.

Wewe husema kikundi chetu kilianzia chuoni kwako, katika vitabu. Sawa. Nakumbuka uliporudi ukiwa mwalimu wa sanaa, bendera yetu ikiwa bado mpya, ukakuta watoto wa darasa la sita wananakili chombo cha maua kutoka ubaoni. Uliuliza darasa zima ni nani mwenye chombo kama hicho nyumbani. Hakuna aliyeinua mkono. Jumamosi iliyofuata ulitukusanya, walimu wachache, katika stoo ya Mzee Abdalla, yule anayeuza vitambaa na daftari pale Busia. Tulikalia magunia. Stoo ilinuka mafuta ya taa na pamba mpya. Ukasimama kana kwamba uko mbele ya bunge, ukasema picha ya mtoto si yake peke yake. Ni ya nyumba yake, ya shule yake, na ya kila mwenye amri juu ya nyumba na shule. Ukatuwekea sheria moja: asiwepo mtu wa kusema "nzuri" au "mbaya" kabla kikundi hakijauliza mtoto huyu amefundishwa kuona nini, na amekatazwa kuona nini.

Nilikuwa mdogo kuliko wote. Niliandika kila neno. Mpaka leo naamini uliyosema siku ile, na ndiyo sababu inaniwia vigumu kukuandikia haya.

Ulipopata nafasi ya kwenda kusoma, uliniambia pale jukwaani, treni ikikungoja, "Shika kikundi. Mimi bado ni mwenyekiti, wewe katibu. Narudi." Nikashika.

Hujui kushika ni nini, Kaka. Ni kumwandikia mwalimu mkuu anayeamini kuchora ni mchezo wa kuwapumzisha watoto baada ya hesabu. Ni kumngoja mtu ambaye basi lake limekwama matopeni Funyula, huku wengine wakitazama jua na kuuliza kama tuanze. Ni kufuta vumbi, kuchemsha chai, kukosa nusu ya watu wakati wa kupanda mahindi. Makala zako huja zimepigwa chapa vizuri. Mimi ndiye ninayezigeuza Kiswahili ziwafae watu waliotoka kupalilia asubuhi ile ile. Nikisoma, mmoja anasinzia, mwingine anauliza swali zuri kuliko makala yenyewe, nami sina wa kunijibia. Kuna Jumamosi nimerudi Malaba nikaketi kitandani na viatu vyangu, nikashindwa hata kuvivua.

Hata hivyo kikundi kiliishi, na watu wawili ndio waliokibeba. Wa kwanza ni Mama Nabwire wa Sigalame, unamjua, yule mwalimu mjane asiyemwogopa mkaguzi yeyote. Wa pili hukumkuta. Ni Mwalimu Ekisa, kijana wa Kiteso anayefundisha karibu na Kocholia. Huja Busia kwa baiskeli na picha za watoto wake zimefungwa kwenye gunia mgongoni. Hao wawili wakibishana, hakuna anayesinzia.

"Mama, wewe unataka kila picha iwe na siasa," Ekisa alimwambia mara moja.

"Na wewe, kijana, unataka kila picha iwe na ng'ombe," akajibiwa.

Kisha mwaka jana Mama Nabwire akaugua, akamtuma binti yake Ajiambo atuletee picha za darasa lake. Ekisa alimsaidia kuzibandika ukutani. Alichukua muda mrefu mno kuzibandika. Sisi wasomi wa jamii, tunaojua kusoma kila mstari wa penseli, hatukuona kitu.

Ekisa alipomposa Ajiambo na ng'ombe wa mahari wakapelekwa Sigalame, hakuna aliyenitumia habari. Basi Jumamosi ile Ekisa alikuwa amesimama mbele, anaeleza jinsi sheria za nyumbani zinavyoingia ndani ya kuchora kwa mtoto bila mtoto mwenyewe kujua. Alikuwa anasema vizuri. Mlango ukafunguka, Mama Nabwire akaingia. Alimwona, akavuta leso akajifunika uso, akageuka akatoka mbio. Nilipomtazama Ekisa, hakuwepo. Alikuwa amepita dirishani na chaki mkononi.

Mzee Abdalla alikuja amemshika Ekisa mkono, suruali yake imechanika gotini.

"Mwalimu, kwani umeona nyoka?"

"Si nyoka, Mzee. Ni mama mkwe."

"Nyoka angekuwa nafuu," akasema Mzee Abdalla. "Nyoka tungempiga."

Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi. Mama Nabwire naye alicheka, nilimsikia kutoka uani. Halafu kicheko kikaisha, tukatazamana. Wewe unajua desturi hii, kwa Wateso kama kwa Waluhya: mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawatazamani, hawali pamoja. Si chuki. Ni heshima kubwa mno, isiyo na nafasi ya kukaa. Na watu wale wawili ndio waliokuwa kikundi. Angeondoka mmoja, tungebaki watu wa kunywa chai.

Kikao kilichofuata walifika wote wawili, mmoja uani, mwingine barabarani, kila mmoja akiniambia kwa upole kwamba yeye ndiye atakayeacha. Mama Nabwire alisema kijana ana miaka mingi mbele. Ekisa alisema hawezi kumfukuza mama wa mke wake kwenye kiti chake. Nilikwenda kwa huyu, nikarudi kwa yule, jua likiniwakia kichwani, mpaka nikaketi ngazini kwa Mzee Abdalla nikasema sijui tena.

Yeye ndiye aliyeshusha jora la kitambaa cha amerikani kutoka rafuni.

"Mwanangu, kwangu nyumbani pana pazia kila mlango," alisema. "Umewahi kusikia tumeacha kuongea?"

Tukalitundika katikati ya stoo, kutoka ukuta hadi ukuta. Mama Nabwire akaingia kwa mlango wa uani, Ekisa kwa mlango wa duka, na sisi wengine tukagawana pande. Picha tulizipitisha chini ya kitambaa. Mwanzoni nilijiona mjinga, mwanamke mwenye cheti amesimama kwenye ncha ya shuka kama mtu anayeanika nguo.

Picha ya tatu ndiyo ile niliyokueleza. Ilikuwa ya msichana wa Kocholia. Amechora sherehe nyumbani kwao: watu, mitungi, mbuzi. Mwanamke mmoja amechorwa mgongo tu, amegeukia ukuta, wakati kila mwingine anatazama mbele. Mwalimu wa darasa lake, si Ekisa, aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Maliza uso." Miezi mingi kabla ya siku hiyo sisi wenyewe tuliitazama picha ile ile, tukakubaliana kwamba mtoto hajafundishwa kuchora nyuso. Hata mimi nilikubali. Hata Ekisa, na msichana ni wa kwao.

Safari hii ilipita chini ya pazia ikaenda upande wa pili. Tukangoja. Halafu sauti ya Mama Nabwire ikasema, "Huyu ni mimi."

"Huyu ni mama mkwe wa baba yake," akaendelea. "Ni bibi yake mtoto. Amefika sherehe, na mkwewe yuko. Angegeuka vipi? Mtoto ameona sawasawa. Ninyi ndio mnataka amalize uso."

Upande wetu Ekisa alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika goti la suruali yake lililoshonwa. Akasema polepole, akiongea na kitambaa, "Ni kweli. Na baba yake hayumo kabisa kwenye picha. Tazameni. Amekwisha ondoka kwa heshima."

Kaka, ningependa ungekuwepo. Nadharia yako yote ilikuwa mle ndani, tena ikipumua. Tulibaki na picha ile moja mpaka Mzee Abdalla akaja kufunga duka. Niliporudi Malaba nilikuandikia maelezo yale ya kazi yetu ambayo chuo chako kiliyataka, ili mimi nami nipate nafasi ya kusoma huko. Niliyaandika kwa furaha ambayo sikuwa nimeihisi kwa muda mrefu. Nilianza na pazia.

Umeyarudisha. Umesema walimu wako watatuona washamba. Umesema kikundi cha wasomi hakiwezi kugawanywa na shuka, na kwamba nimchague mmoja wao aondoke, pazia lishuke, ndipo niandike upya, na nikiandika hivyo nafasi yangu ni ya hakika. Usipoona pazia kwenye maelezo utayapeleka mbele. Ukiliona, hutayapeleka.

Nimekaa na barua hiyo siku hizi zote. Sitakudanganya kwamba naona nafasi hiyo ni kitu kidogo. Naitaka. Naitaka sana hata nikiona meli kwenye kalenda ya ofisi ya shule naangalia pembeni. Nina umri ambao mama zetu walikuwa na watoto watatu, na kila mtu Malaba ananiuliza nangoja nini. Nimekuwa nikingoja hiyo. Nimechoka kuwa mtu anayefundisha asubuhi, anayeendesha kikundi Jumamosi, anayeamka Jumatatu na kuanza upya bila mtu wa kumwambia amefika wapi. Ningependa nami niketi mahali mtu mwingine amepanga viti.

Lakini nilichukua kalamu kuyaandika upya nikashindwa. Nilijaribu kweli. Kila nilipotoa pazia, Mama Nabwire alitoka nalo, au Ekisa, na msichana wa Kocholia akabaki mtoto asiyejua kuchora nyuso. Iliyobaki ilikuwa kazi safi ya watu ambao hawapo. Wewe ungeipenda. Mimi ningejua kila siku ya maisha yangu huko ng'ambo kwamba ni ya uongo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita niliwaambia kikundi kila kitu: umeandika nini, na nafasi yangu inasimama juu ya nini. Mama Nabwire akaanza, "Mwanangu, mimi nimezeeka, niache nitoke, wewe uende," na Ekisa akamkatiza, ingawa haruhusiwi, akasema, "Hapana, hapana, mimi." Nikawaambia wanyamaze, sikuwauliza. Nafikiri nilipaza sauti. Niliomba jambo moja tu, kikundi kichague mwenyekiti anayeketi hapa.

Kuna tabu ya kupiga kura kwenye chumba chenye pazia. Ilinibidi nisimame kwenye ncha, jicho moja huku na jicho jingine kule, nikihesabu mikono. Na Ekisa ndiye aliyetaka kupendekeza kwanza, akasahau kwamba mkwe hana ruhusa ya kutamka jina la mama mkwe wake.

"Ninampendekeza," akasema, akakwama. "Ninampendekeza yule... yule mama wa upande wa pili."

"Upande wa pili kuna mama wawili, mkwe," sauti ya Mama Nabwire ikasema. "Sema vizuri, usije ukachagua mwingine."

Mama Nabwire alipita. Tangu Jumamosi wewe si mwenyekiti wetu tena. Nilitaka uambiwe na mimi, si na watu wengine.

Maelezo ya kazi yetu nimeyapeleka posta leo, moja kwa moja kwa chuo, bila kupitia kwako, na pazia liko mwanzoni pale pale. Wakinikataa, watakuwa wamenikataa mimi na hawa niliokaa nao. Nimekwisha mwambia mwalimu mkuu anihesabu kwenye ratiba ya muhula ujao. Nilimwambia haraka, kabla sijapata nafasi ya kulia.

Makala zako bado nazihitaji. Endelea kuzileta, nitaendelea kuzigeuza. Na siku utakaporudi, karibu kikundini kama mgeni yeyote: utapewa kiti, utapewa chai, na utamngoja mwenyekiti akuruhusu kusema.

Mimi,
dada yako anayekufuata kwa kuzaliwa,
katibu.