Rangi Nyekundu kwenye Fimbo Yako ya Kuvulia

Mpendwa Baba,

Imeshika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Rangi imeshika. Nimeikwaruza kwa ukucha, nimeilaza fimbo kwenye beseni la maji kutwa nzima, nimeipinda mpaka Mama akapiga kelele kwamba nitaivunja. Haikubanduka hata kidogo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu mimi na wewe. Kule shuleni Tororo, upande wa Uganda, ni Kiingereza tu, na mwalimu akitaja jina langu natazama dawati kana kwamba nimedondosha kitu pale. Lakini wewe Msamia na Mama Mjopadhola mliamua nyumbani tuongee lugha ya mpakani, kisha ukaniandikisha shule ya msingi upande wa Kenya ili niijue vizuri. Nikajua kukuzidi. Ukisema "kitu yangu" nakusahihisha, nawe unacheka: "Haya mwalimu, kitu changu."

Unakumbuka Jumapili za Majanji? Tukitoka kanisani unavua viatu vya kazini, vile vya kukimbizana na karatasi za malori forodhani wiki nzima, unanipakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimeikumbatia fimbo. Wavuvi wa nyavu walikuwa wanakutania. "Bwana Forodha kaja na kijiti chake!" Wewe ulikuwa unasimama nyuma yangu, mikono yako juu ya yangu, tunairusha pamoja, na kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana kinaruka mbali sana kabla ya kudumbukia ziwani. Ningeweza kukaa kimya mchana kutwa bila wewe kuniuliza nina nini. Siku moja tu ulisema, ukitazama maji, "Hapa ndipo watu kama sisi tunapumzika." Kama sisi! Sikuwa najua kwamba na wewe unaogopa watu.

Ulipofariki, fimbo ilibaki ukutani sebuleni. Jua la dirishani likaila. Rangi yake ya zamani ikawa inachunika vipandevipande, ukipita karibu inakuangukia begani. Ukumbusho wako ulipokaribia, ile siku ya kugawa vitu vyako, Baba Mdogo akaja kuvipitia. Akaishusha fimbo, akaigeuza. "Hii fimbo ishakufa. Mimi nakwenda kufunga nayo antena ya televisheni."

Nilikuwa mlangoni na sahani. Nikasema kitu, hakunisikia, ikabidi nirudie. "Mimi naweza kuitengeneza."

"Wewe?" Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Haya. Siku ya ukumbusho nikiona inafanana na fimbo ya mtu, tutaongea. Nikikuta bado iko na magamba kama samaki, nachukua."

Basi likizo yangu yote ikawa hiyo, Baba. Kwanza nilikwangua rangi ya zamani kwa wembe, nikaosha kwa sabuni ya unga, nikapaka ile nyekundu iliyobaki tulipopaka geti. Nilipaka mara moja tu, nzito, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona ikipendeza. Ikapendeza kweli. Nikaipinda kidogo, ikapasuka kama tope la kiangazi. Nikajiambia, geti halipindwi, ndiyo maana; fimbo inahitaji rangi nyembamba. Nikakwangua tena, nikapiga msasa, nikapaka safari hii kidogokidogo, ikikauka naongeza. Ikang'aa. Haikupasuka. Siku chache baadaye nikaishika, na rangi ikanibandukia mkononi yote kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Nililia chooni. Nyumbani kwetu hapo ndipo pekee mtu haulizwi ana nini.

Kesho yake nilichukua kipande cha lile ganda, nikavuka mpaka kwa miguu kwenda kwa Akinyi. Unamjua, niliyesoma naye msingi, yule mwenye sauti ya kututosha mimi na yeye. Sasa anapaka watu kucha kwenye saluni ya dada yake. Nilimkuta na mteja, mama mmoja muuza mahindi, vidole vimetandazwa mezani.

"Kucha ikiwa na mafuta," Akinyi akaniambia bila kuinua macho, "hata kama ni ya chapati alizokula asubuhi, rangi inatoka kabla hajafika kwake. Wewe ulipangusa na nini?"

"Sabuni."

"Sabuni! Hebu lete." Akakinusa kile kipande. Akakinusa tena. "Wee! Hii ni rangi ama ni supu? Inanuka samaki, inanuka mbuta!"

Yule mama akacheka mpaka akaharibu kidole kimoja. Mimi sikucheka, maana hapo hapo nilielewa.

Hii ni desturi ya nyumba yetu na unaijua kuliko mimi: chombo cha mvuvi hupakwa mafuta ya mbuta na mama yake mzazi. Nyanya alipaka chako tangu ukiwa kijana. Mimi nilidhani iliisha ulipoondoka. Nilirudi nyumbani nikaingia kimyakimya, na kweli, Nyanya alikuwa kwenye mkeka, fimbo mapajani, mafuta kwenye kifuniko cha kopo. Alikuwa anaisugua kutoka kipini hadi ncha, polepole, huku anakusimulia kwa Kisamia kwamba maharage yamekauka vizuri. Kumbe kila nilipotoka aliishusha. Nikikwangua, anapaka. Nikipiga msasa, anapaka. Nimekuwa nikipaka rangi juu ya mafuta muda wote huo.

Nitakwambia ukweli, nilikasirika. Nilitaka kumnyang'anya. Halafu nikaona jinsi alivyoipakata, nikakaa chini.

"Nyanya."

"Eh, mama."

"Haya mafuta yanazuia rangi."

"Mafuta nazuia kutu. Nazuia bahati mbaya." Hakuacha kusugua. "Huyu mtoto wangu, nisipompaka mimi, nani atampaka?"

Wewe ungemjibu nini, Baba? Nikapitisha kidole kwenye kipini. Ndipo nikaona kwamba kipini ni mti mtupu, hakijawahi kuwa na rangi.

"Nyanya, kipini kiwe chako. Upake unavyotaka, milele. Huku juu niachie mimi."

Alinitazama sana. Kisha akafuta vidole kwenye leso. "Na wewe unapatana bei kama mtu wa soko la Sofia," akasema, akanipa fimbo.

Akinyi alinitilia asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kwenye kichupa. Nilipangusa na kitambaa, nikabadilisha kitambaa, nikapangusa, mpaka kikawa kinatoka cheupe na hakinuki chochote. Nikapiga msasa ule laini, nikafuta vumbi, nikapangusa tena. Tangu hapo sikuigusa kwa mkono mtupu. Nilivaa kaveera, mifuko ya plastiki, mikononi, Mama akauliza kama nakwenda kupasua mtu. Nikaining'iniza stoo kwa kamba, nikaipaka nyembamba, nikangoja, nikaipaka nyembamba. Kila asubuhi naingia na woga. Kila asubuhi ipo.

Siku ya ukumbusho, baada ya sala na chakula, Baba Mdogo alisimama na vitu vyako mbele ya watu wote chini ya hema. Koti likatoka. Baiskeli ikatoka. Kisha akaichukua fimbo, akaipinda, akaikwaruza na ukucha wa dole gumba, akaipeleka kwenye mwanga.

"Ai! Rangi nashika kweli kweli," akasema. Nikavimba moyoni. Halafu akasema, "Basi hii nampa kijana wangu Wandera. Fimbo ya kuvulia ni kitu ya mwanaume."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa inaondoka hivyo, Baba, mbele ya macho yangu, ikiwa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Nikasimama, na sijui ni miguu ya nani iliyonisimamisha.

"Baba Mdogo, ulisema tutaongea. Sasa naongea."

Hata watoto waliacha kutafuna.

"Naitaka mimi. Wandera hajui kuirusha. Mimi najua."

Wote wakamgeukia Wandera. Akakuna kichwa. "Mimi kusema kweli nilikuwa nataka ile redio," akasema, na hema zima likaangua kicheko.

Baba Mdogo hakucheka. "Na wewe unajua? Rusha tuone."

Nikafunga kipande chako cha risasi kwenye mshipi, bila ndoana. Fundo ni fundo, vidole vinalijua. "Walio kwenye benchi ya nyuma, inameni," nikasema, na Baba, waliinama! Wazee wazima! Nikarusha. Mshipi ukapita juu ya vichwa vyao, ukapita juu ya mashada ya maua, ukashuka kule ng'ambo ya ua kwenye beseni tupu kando ya tangi. Kang'!

Mama akapiga vigelegele. Nyanya akasimama bila fimbo yake ya kutembelea: "Huyu mtoto wa nani? Semeni! Wa nani?" Baba Mdogo akatembea mwenyewe hadi kwenye beseni, akakiokota kile kipande cha risasi, akanirudishia kwa mikono miwili mbele ya ukoo mzima. "Chukua," akasema. "Ni kitu yako."

Sikumsahihisha.

Nakiri kwako peke yako: ile ilikuwa siku ya kukulilia wewe, na ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote maishani mwangu. Nimetafuta aibu moyoni, sijaiona.

Jumamosi nakwenda Majanji. Baba Mdogo amejitolea kunipeleka. Anasema anataka kuona kama samaki nao wataniinamia. Samaki wa kwanza ni wa Nyanya. Wa pili nakula mwenyewe, kichwa na vyote.

Lala vizuri, Baba.

Ni mimi, kitinda mimba wako, mwenye fimbo.