Mafuta ya Kondoo kwenye Waipa

Karatu, Alhamisi, Aprili 1964



Vumbi la magadi kutoka ziwa lililo ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano ninakoshuka na gari, linakula chuma cha waipa, vile vifutio vya kioo cha mbele, kila mara zinakwama. Nami nikajifanya fundi, nikazipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Kule chini kretani kwenye joto zilicheza kama mpya. Leo nilipofika juu ukingoni, kwenye ukungu na baridi, mafuta yakaganda kama mshumaa. Waipa zikasimama, kioo chote kikawa cheupe.

Mama Theresia, mkunga niliyempa lifti, akapiga kelele: "Simama, baba! Barabara iko wapi?"

Nikafunga breki. Niliposhuka, gurudumu la kushoto lilikuwa hatua moja tu kutoka korongoni. Mama wa watu akakifuta kioo kwa kanga yake. Afadhali angenitukana.

Mke wangu sijamwambia. Nitaanzaje? Juzi nilimfundisha kaka yake, Paulo, dawa hiyohiyo, akanishukuru sana. Usiku huu amelala chini kretani na gari lake, na alfajiri anapanda ukingo uleule.

Nje manyunyu yameanza.