Damu ya Kitanda cha Tatu

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeumbuka, sijui uso nitauficha wapi.

Si unaijua ile kompyuta mpya ya wodi yetu ya mahututi, inayobashiri mgonjwa yupi wa kwenye mashine atavuja damu? Yule mwalimu wa udereva wa kitanda cha tatu, ambaye damu yake inazungushwa na mashine, imempa kijani, yaani hatavuja. Kijani! Na dawa ya kuzuia damu isigande inamwingia saa zote. Mdomo wangu unaujua, wiki nzima namwambia daktari hiyo kompyuta ni pambo.

Basi asubuhi nambadilishia shuka, naona damu juu yake. Mbichi! Nikapiga kelele: "Si nilisema? Si nilisema?"

Daktari kaja mbio, mkono tayari uko kwenye pampu aizime dawa. Na akiizima, damu inaweza kuganda kwenye mipira inayoipitisha, mashine isimame, na mzee wa watu ndiyo basi. Tukakagua mdomo, pua, mipira. Pote pakavu. Mara tone lingine hilo, to!

Mke wa mgonjwa, aliyekaa pembeni, akasema taratibu: "Mwanangu, ni kiwiko chako."

Kiwiko changu! Lile kabati la dawa lenye kitasa kilichovunjika limenichana, wala sikusikia.

Daktari akatoa mkono kwenye pampu, akatazama kile kijani kwenye kompyuta, akanitazama mimi. "Tulimpima mgonjwa. Wewe hatukukupima."

Mama wa watu akacheka, mara ya kwanza tangu mumewe alazwe.

Mimi nina bandeji kama soksi. Usinipe pole kabla hujamaliza kucheka.