Shujaa Niliyemnyamazisha

Mshauri mpendwa, nisaidie haraka kabla ya Jumamosi, maana hapa nilipo moyo unanidunda kwa furaha na kwa hofu na sijui kipi ni kipi, na mimi si mtu wa kusema, darasani nikiulizwa swali najibu chini chini mpaka mwalimu anasogeza sikio karibu na dawati, kwa hiyo nimeona afadhali nikuandikie hapo gazetini.

Mjomba wangu ana studio ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye sinema za nje. Usifikirie jumba kubwa, ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani ili kuua mwangwi, kuna maiki moja, viti viwili visivyolia, na feni ambayo lazima izimwe tukianza kurekodi, kwa hiyo kila sinema tunaimalizia kwenye jasho. Mimi nimesoma kwa lugha mbili tangu chekechea, na mjomba ile ya pili, ya hizo sinema, anaijua ya kuombea maji tu, basi hunipa mimi maneno niyatafsiri na waigizaji wake wanayasoma. Safari hii alinipa kazi mpya, nikaona jina, nikapiga ukelele, mimi huyu huyu wa chini chini! Ilikuwa sinema ya Mwasha Taa.

Labda huijui gemu ya Mwasha Taa. Unakuwa mtu mmoja ndani ya mji wa giza, umevaa kofia ya chuma iliyofunika uso wote, unapanda mnara unawasha taa moja moja, ukianguka unaanza ngazi upya, na yule mtu hasemi hata neno moja, na ndiyo maana tunampenda. Kule juu kuna bibi kizee anayekungoja, anakuuliza, "Mbona umechelewa?" na hakuna kitufe cha kujibu, unasimama tu na padi ya kuchezea mkononi, na mimi siku ile nililia kwa sababu nilijua kwa nini nimechelewa, niliogopa giza la katikati ya mnara nikawa narudi nyuma kila mara.

Sasa kwenye sinema anaongea! Anaongea akipanda, anaongea akipigana, mnara ulionitoa malengelenge kwenye kidole gumba yeye anaupanda ndani ya wimbo mmoja, na bibi akimuuliza mbona umechelewa anamjibu, "Foleni, bibi, foleni!" Na wenzangu wa shule wanaoipenda hii gemu wameshapanga kukaa mstari wa mbele Jumamosi itakapoonyeshwa ukumbini, mmoja ameapa, "Wakimfanya aongee, mimi nageuza kiti naangalia ukuta," wote wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimekufa ndani, maana hawajui kwamba maneno yenyewe yako kwenye begi langu.

Kwa hiyo nikafanya nilichofanya. Sinema tunaletewa sauti za watu zikiwa zimeshatolewa, umebaki muziki na vishindo tu, na kofia imefunika midomo, kwa hiyo usipomwandikia neno anakuwa kimya na hakuna anayeona pengo. Nikaanza kwa kuliruka lile la foleni peke yake. Nikaonja utamu, nikaruka lingine, mwisho nikawa nimemfuta maneno yote isipokuwa pale anapovua kofia na midomo inaonekana, anamwambia bibi, "Niliogopa. Lakini nimefika." Hilo nililitafsiri lilivyo.

Anayemsemea shujaa ni mtangazaji mstaafu wa mpira tunayemwita Mzee Radi. Alipopewa karatasi zake alizigeuza mbele na nyuma. "We mtoto, mimi ni shujaa au ni mlango? Mbona nasikika mwisho tu, nikifunguliwa?"

Mjomba akacheka. "Soma kilichoandikwa, Radi. Mpwa wangu hakosei. Huyo ndiye macho yangu."

Nilitamani magodoro yanimeze. Lakini Mzee Radi aliposoma yale maneno ya mwisho, polepole, kwa ile sauti yake iliyokaukia viwanjani, Mshauri, nywele zilinisimama, mjomba akavua hedifoni akapangusa macho, akasema haijawahi kutoka kazi kama hii kwenye chumba hiki. Na Jumamosi asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, anakuja mjumbe wa wenye sinema kuisikiliza, anajua lugha zote mbili, na mjomba ameshatia sahihi kwamba kila neno limetafsiriwa, na wakiridhika watampa sinema zao zote.

Nikisema, mjomba hataniamini tena. Nikinyamaza, huenda mjumbe asigundue, na wenzangu kwa mara ya kwanza wataona sinema ya gemu ambayo haikuwavunja moyo. Kwani nimekosea kweli? Na kwa nini hawa watu wa sinema wanachukua kitu tunachokipenda hivi, halafu wakikirudisha hatukijui?

Ni mimi, Mtafsiri wa Nyuma ya Godoro

*

Mtafsiri wangu,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni, nimeacha ndoa tatu zinawaka moto, kwa hiyo nisome upesi.

Kwanza hongera. Una sikio. Watu wazima wengi hawajui kwamba neno moja likisubiriwa vizuri linashinda mia.

Gemu yako sikuijua, ni kweli. Nikamwomba mjukuu wangu padi yake bila kumwambia sababu. Nikafa ngazi ya kwanza. Nikafa tena. "Bibi, shika ukuta! Ukuta, bibi, si hewa!" Nilipowasha taa ya kwanza nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Hapo nikakuelewa. Ile taa niliiwasha mimi! Sinema hata iwe nzuri namna gani, taa anawasha mtu mwingine na wewe mikono iko mapajani, na aliyesimuliwa chakula hashibi. Ule ukimya wa shujaa ulikuwa kiti chako ndani yake. Watu wa sinema walikiona kiti kitupu wakaogopa, wakakijaza maneno, kama mgeni asiyeweza kuvumilia kimya cha sebuleni. Hadithi wakibadilisha utasamehe. Kuinuliwa kwenye kiti chako, hilo ndilo linalouma.

Sasa sogea nikukaripie. Mjomba wako umemfanya nini? Umemwinua kwenye kiti chake! Studio ni yake, sahihi ni yake, aibu ya Jumamosi itakuwa yake, na wewe umemwamulia akiwa hana habari. Amekuita macho yake, ukayafumba. Unawalaumu wale kwa kushika kitu cha mwenzao bila kuuliza, halafu unafanya vivyo hivyo kwa mtu aliyekupa ufunguo wa chumba chake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuambii. Wala usinipe habari ya "huenda asigundue". Mtu anayejua lugha zote mbili asigundue shujaa mzima amepotelewa na ulimi? Hata ile feni yenu iliyozimwa itagundua.

Ukiweka gazeti chini, kaa utafsiri kila neno uliloliruka. Lile la foleni litafsiri vizuri kuliko yote, likachekeshe, maana mfasiri hatafsiri anachokipenda tu. Kisha nenda studio leo, feni ikiwa bado inazunguka, mpe mjomba karatasi mkononi umwambie, "Mjomba, shujaa nilimnyamazisha kwa makusudi. Maneno yake ni haya." Usianze na gemu, usianze na machozi. Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake. Mzee Radi aitwe arudi kwenye maiki, na kwa alivyolalamika, atakuja mbio.

Kazi ikishakuwa kamili, ndipo umwombe mjomba, ukiomba kama mpwa na si kama hakimu, amsikilizishe mjumbe kile kipande cha bibi mara mbili, chenye foleni na chenye kimya. Achague mwenye mali. Akichagua foleni, itakuwa foleni, na wenzako wageuze viti vyao. Akichagua kimya, kitakuwa kimeingia kwa mlango wa mbele, na mimi mwenyewe nitakuja na mjukuu wangu tukae mstari wa mbele, nikipiga kelele mnisamehe.

Unasema wewe si mtu wa kusema. Mwasha taa alipanda mnara mzima bila neno na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu ndani ya kofia yake ulikuwamo wewe. Ndani ya kofia yako hakuna mwingine. Mjomba atakuuliza mbona umechelewa, na jibu lake umeshalitafsiri.

Vua kofia, mwanangu. Anza na "Niliogopa."